Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kumtumikia Mungu tangu ujana mpaka mvi

Bwana asifiwe wapendwa. Maswali haya nayapata kila mara, mengine pale nje baada ya ibada watu wakisubiri mnada wa sadaka za mavuno, mengine yanakuja kwa simu usiku mtu akiwa hana usingizi. Mimi sio mchungaji na sijasoma chuo cha theolojia, ni mama wa usharika tu, nimefundisha watoto shule ya Jumapili miaka 22 sasa, na katika hiyo miaka nimeona watu wakianza vizuri sana wakaishia njiani, na nimeona wengine ambao hakuna aliyewadhania wakafika. Kwahiyo najibu kwa nilichokiona na kwa Neno. Mambo ya taratibu za dhehebu lako muulize mchungaji wako.

Kumtumikia Mungu si mpaka niwe mchungaji, mwinjilisti au niimbe kwaya?

Hapana jamani. Soma Wakolosai 3 kuanzia mstari wa 22, pale Paulo anaongea na watumwa, watu ambao hawana hata ruhusa ya kupanga siku yao wenyewe, anawaambia ile kazi wanayoifanya kwenye nyumba za mabwana zao wanamtumikia Bwana Kristo. Hakuwaambia wasubiri wawe huru kwanza ndio waanze huduma. Kwahiyo fundi cherehani anayekwambia nguo itakuwa tayari Ijumaa na Ijumaa unaikuta tayari, tena na kitambaa kilichobaki anakurudishia, huyo yuko kwenye huduma. Muuza mkaa anayejaza debe mpaka juu bila kupanga vipande kijanja chini pakabaki nafasi, naye yuko kwenye huduma.

Ila sasa isiwe kisingizio cha kukaa kiti cha nyuma miaka kumi unasema mi namtumikia Mungu kazini kwangu inatosha. Kanisa lina viti vya kupanga, wagonjwa wa kutembelea, watoto wa kufundishwa, na wanaofanya hizo kazi ni walewale kila mwaka wamechoka.

Nilipookoka nikiwa shule nilikuwa na moto sana, naongoza maombi, mkesha sikosi. Sasa nina miaka 34 moto umepoa. Nimerudi nyuma?

Hili ndio swali naulizwa kuliko yote. Nakuuliza na mimi, unaposema moto unamaanisha nini? Kama ni ule msisimko wa kuimba mapambio saa nane usiku na wenzako wa rika moja, hamna kodi hamna watoto hamna mkopo, ule ulikuwa na wakati wake na tumshukuru Mungu kwa ule wakati, lakini hata ndoa ya miaka kumi na tano haina ule mpapatiko wa wiki ya kwanza na hatusemi imekufa.

Ila kama umeacha kuomba, Biblia unaifungua Jumapili tu mhubiri akisema tufungue, na dhambi ambayo zamani ilikunyima usingizi sasa hivi unalala nayo vizuri, hapo ndugu yangu tusidanganyane, kuna kitu kimekufa na kinataka kushughulikiwa mapema.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua hili. Ule Uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda, Kenya na huku kwetu Tanganyika mpaka Bukoba na kwingine, haukuishi miaka yote ile kwa sababu watu walikuwa na msisimko kila siku. Walikuwa wanakutana kila wiki, kikundi kidogo, mtu anasimama anasema wiki hii nilimdanganya mke wangu kuhusu hela, au nilimchukia jirani, anatubu pale mbele ya wenzake, wanaimba, wanaendelea na maisha. Waliita kutembea nuruni, ile ya 1 Yohana 1:7. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza, alitokea kwa watu hao hao wa Uamsho. Kwahiyo ushauri wangu usihangaike kutafuta mkesha wenye spika kubwa zaidi, tafuta watu wawili au watatu ambao unaweza kuwaambia ukweli kila wiki. Wawili tu. Wengi waliopoa kabisa niliowaona, kitu cha kwanza walichopoteza ni hao watu, walihama mji au waliolewa sehemu nyingine wakawa wanasali peke yao, baadae hata hawasali.

Nafanya kazi shifti, nina mapacha wa miaka miwili, nitatumika saa ngapi?

Mama mwenye mapacha wa miaka miwili yuko kwenye huduma saa ishirini na nne, pumzika usijihukumu. Kuna majira. Mimi mwanangu wa mwisho alipozaliwa nilikaa bila kufundisha karibu miezi kumi, nilichoweza ni kuwaombea wale watoto majina yao nikiwa nanyonyesha usiku, mmoja mmoja, nilikuwa nayajua kwa mpangilio wanavyokaa kwenye benchi. Ukiwa kwenye majira kama hayo shika kitu kimoja kidogo usikiachie, kimoja tu, ili majira yakibadilika uwe na pa kurudia. Na kama una mume naye aamke na mtoto mara moja moja uende jumuiya, hiyo pia ni huduma yake yeye.

Niko Oman nafanya kazi za ndani, sina off ya Jumapili na bosi haniruhusu kutoka. Je Mungu anahesabu kwamba nimeacha kanisa?

Dada yangu, hapana, hahesabu hivyo. Danieli alipelekwa Babeli akiwa kijana, hekalu likabaki mbali na baadae likabomolewa kabisa, yeye akafanya kazi kwenye nyumba za wafalme wa kigeni mpaka akazeeka, na alichokuwa nacho ni chumba chenye madirisha yaliyoelekea Yerusalemu na magoti yake mara tatu kwa siku. Wewe una simu. Kule mapumziko ni Ijumaa kwahiyo makanisa mengi yana ibada siku ya Ijumaa, ukija kupata siku ya kutoka ulizia hapohapo kwa Wakristo wenzako wa Kenya, Uganda au Wafilipino watakuelekeza. Ukiwa huna ruhusa kabisa, panga na mtu mmoja wa nyumbani muombe pamoja kwa sauti ya WhatsApp dakika tano kabla hujalala. Na kama unateswa au unanyimwa mshahara, kuvumilia kimya sio utumishi, tafuta ubalozi na waambie ndugu zako.

Nilikosewa na viongozi kanisani, nikaacha huduma. Nafanyaje?

Hapa ntakaa kidogo maana yamenikuta.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake, tulikuwa tunachanga hela ya vitenge vya sare. Siku ya kufunga hesabu shilingi 186,000 hazikuonekana kwenye daftari. Kikaitwa kikao. Watu niliokula nao, niliolala nao kwenye misiba, wakawa wananiangalia, na mmoja akasema mbele ya wote kwamba "tulijua tu, mwenzetu siku hizi kabadilisha sofa." Lile sofa nilipewa na kaka yangu alipohamia mjini. Sikujibu kitu. Nilichukua pochi yangu nikatoka, nakumbuka mpaka leo kandambili moja ilikatika pale mlangoni nikaenda mguu mmoja peku mpaka nyumbani.

Nilikaa mwaka mmoja na miezi minne. Jumapili nilikuwa naamka nafua. Nilikuwa naomba, lakini maombi yenyewe ni kumshtakia Mungu watu wake. Baada ya kama miezi mitano risiti ya zile hela ilipatikana, ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mchango wa msiba kwa makosa, na mama mmoja akaja kunipa taarifa, kama taarifa tu, hakuna aliyeomba msamaha. Hapo ndio nikakasirika zaidi ya mwanzo.

Kilichonirudisha hakikuwa kikao. Nilikuwa dukani nanunua sabuni, katoto kamoja ka darasa langu, kalikuwa na kama miaka saba, kananivuta kanga kananiambia "Mwalimu, Yusufu bado yuko kisimani?" Sikuelewa kwanza. Ndio nikakumbuka Jumapili yangu ya mwisho nilifundisha ndugu zake Yusufu wakimtupa shimoni, muda ukaisha nikawaambia tutaendelea wiki ijayo. Haikuja wiki ijayo. Huyo mtoto alikuwa amebaki na Yusufu wake shimoni mwaka mzima na zaidi. Nililia pale dukani na sabuni mkononi, muuzaji akadhani nimefiwa.

Jumapili iliyofuata nilirudi, nikamtoa Yusufu kisimani.

Sasa sikwambii urudi kabla hujapona. Wala sisemi kosa walilokufanyia ni dogo, na kama ni jambo la unyanyasaji wa mwili au mtoto kaguswa vibaya, hilo linaenda polisi na kwenye ngazi za juu za kanisa, halifunikwi na neno tusameheane. Ninachosema ni kwamba jiulize ulikuwa unamtumikia nani. Yule mama wa sofa tuko naye mpaka leo, tulikuja kuongea miaka mitatu baadae tukiwa tunamenya viazi vya msiba, akaanza mwenyewe. Ilichukua miaka mitatu. Kuna watu hawatakuja kuongea kabisa na itabidi uende hivyo hivyo.

Nilianguka dhambini, watu wote wanajua. Naweza kutumika tena?

Ndiyo, ila usikimbilie maiki. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo katikati ya safari kule Pamfilia akarudi Yerusalemu, Matendo 13, na baadae Paulo na Barnaba wakagombana kwa ajili yake mpaka wakatengana kabisa. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Miaka ikapita, na Paulo akiwa gerezani karibu na kifo chake anamwandikia Timotheo amlete Marko maana anamfaa kwa utumishi. Katikati pale kuna miaka mingi ambayo Maandiko hayatuelezi sana, na kulikuwa na Barnaba aliyekubali kugombana na rafiki yake kwa ajili ya kijana aliyeshindwa. Tubu kabisa, acha ile dhambi kabisa, ukikatwa huduma kwa muda kubali, na tafuta Barnaba wako. Kama wewe ndio mzee wa kanisa unasoma hapa, nakuomba uwe Barnaba wa mtu.

Nimetumika miaka mingi sioni matunda. Nitajuaje kama Mungu yuko kwenye hii kazi?

Nenda Rabai siku moja, sio mbali kutoka Mombasa. Kuna mmishenari Mjerumani anaitwa Johannes Rebmann alifika pale 1846 kuungana na mmishenari mwenzake Krapf. Watu wengi wanamjua kwa sababu mwaka 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, na kuna wasomi Ulaya wakakataa kabisa kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Lakini mimi linalonigusa ni kwamba alikaa huku karibu miaka 29. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga, mke wake Emma akafa 1866, waumini aliowapata kwa miaka yote hiyo walikuwa wachache sana, na macho yakawa yanaharibika mpaka alipoondoka 1875 alikuwa karibu kipofu. Alikufa mwaka uliofuata. Na ilikuwa ni miaka hiyohiyo ya mwisho wake ndio watumwa walioachiwa huru walianza kuletwa Freretown, makazi yao pale Mombasa, kanisa la pwani likaanza kuwa na watu, na Rabai nayo ikakua. Yeye hakuyaona hayo kwa macho, na mimi nikifikiria hilo huwa nanyamaza.

Krapf mwenyewe alizika mke na mtoto Mombasa mwaka 1844, miezi michache tu tangu wafike. Afya ikamshinda akarudi kwao, lakini hakuacha, kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka 1882 na yeye alikuwa ameshafariki 1881.

Sikupi hizi habari ili useme basi nami ntateseka nipate kitu. Wakati mwingine kutokuona matunda ni dalili kwamba uko sehemu sio yako, mtu hana sauti yuko kwaya miaka kumi na ana kipaji kikubwa cha kutunza wagonjwa. Kwahiyo uliza watu wanaokupenda na wasiokuogopa. Ila wakikwambia uko mahali pako, basi endelea tu.

Hatari kubwa si iko ujanani? Mtu akishafika miaka 50 si ameshavuka?

Ndivyo watu wanavyofikiri na sio kweli kabisa. Angalia Biblia. Sulemani alijenga hekalu, akaomba ile sala ndefu, na 1 Wafalme 11:4 inasema alipokuwa mzee ndipo wake zake wakaugeuza moyo wake. Mfalme Uzia alitawala miaka 52, alianza ana miaka 16 akimtafuta Mungu, na alipopata nguvu ndio moyo ukainuka akaingia hekaluni kufukiza uvumba kazi isiyo yake akapata ukoma. Dema alikuwa mtenda kazi pamoja na Paulo, yuko kwenye salamu za Wakolosai na za Filemoni, na baadae tunasoma amemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu.

Nilivyoona mimi kwa watu wazima huwa haianzi na zinaa wala pombe. Inaanza na kuzoea. Mtu anaomba huku anawaza dau la kiwanja, anajua mistari yote kwahiyo hakuna mstari unaomgusa tena, ameshakuwa mtu mkubwa kanisani hakuna anayeweza kumuuliza kitu. Halafu na hela. Ujanani alikuwa anaogopa shilingi ya sadaka, sasa anasaini yeye. Kwahiyo wewe mzee wangu mwenye cheo, jiwekee mtu wa kukuuliza maswali magumu, na mtu wa pili kwenye kila hesabu. Mimi baada ya yale ya vitenge sishiki hela ya kanisa peke yangu hata elfu mbili.

Nimestaafu, vijana wamechukua kila kitu na muziki wao siuelewi. Nimebaki kukaa tu.

Shikamoo mzee. Soma Hesabu 8:24-26, ni mistari mitatu watu wengi wanairuka. Walawi walikuwa wanaingia kazini wakiwa na miaka 25 na wakifika 50 wanaacha ile kazi nzito, maana ilikuwa kazi kweli, kubeba vitu vya hema jangwani. Lakini hawakuambiwa waende wakalale. Waliambiwa wahudumu pamoja na ndugu zao, washike ulinzi. Kwahiyo kuna mambo mawili pale. Kuachia ni agizo la Mungu, usikae umeng'ang'ania uenyekiti kijana mwenye miaka 40 bado unamwita mtoto. Na kubaki pia ni agizo.

Namna ya kubaki zinatofautiana. Kalebu akiwa na miaka 85 alimwambia Yoshua ampe ule mlima wa Hebroni wenye majitu. Barzilai naye mfalme Daudi alimkaribisha Yerusalemu akale naye mezani, akasema nina miaka 80 hata ladha ya chakula siisikii, niache nirudi kwetu, ila mchukue Kimhamu aende badala yangu. Wote wawili walikuwa sawa.

Kwetu mtaani yupo bibi mmoja alikuwa anafagia kanisa kila Jumamosi saa kumi jioni, hajawahi kupangiwa zamu na mtu. Ananyunyiza maji kwanza kwa mkono kutoka kwenye kopo ili vumbi lisipande kwenye kitambaa cha madhabahu, halafu mabenchi anayahamisha peke yake, ananyanyua upande mmoja anausogeza, anazunguka ananyanyua upande wa pili, ufagio wake wa chelewa aliufunga kwa mpira wa baiskeli. Nyonga ilipomshinda nilidhani atakaa nyumbani. Sasa hivi Jumapili anawahi kabla ya kengele anakaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni na anamwita kila mtoto kwa jina, na usipokuja Jumapili mbili mfululizo anamtuma mjukuu kwako kuuliza kama unaumwa. Mchungaji wetu hana taarifa za waumini kumzidi yeye.

Mume wangu hajaokoka na hataki niende kanisani kila siku.

Usiende kila siku. Nenda Jumapili, na jumuiya mara moja kama anakubali, siku nyingine kaa naye. 1 Petro 3 inaongelea waume wa namna hii wavutwe na mwenendo bila neno, yani bila kuhubiriwa kila akikaa kula. Akikupiga ni habari nyingine, toka mahali penye hatari, mwambie mchungaji na nenda dawati la jinsia polisi.

Sina hela, na kila huduma naona inataka michango.

Toa ulichonacho, kama ni yai toa yai, pale mnadani yai moja nimeona linanunuliwa elfu tano na anayenunua analirudisha linauzwa tena. Kama huna hata yai, nguvu zako zinatosha na usione haya. Na mtu anayekwambia Mungu hatakusikia mpaka utume hela kwenye namba fulani, usimtumie.

Nataka kuanza, naanzia wapi?

Usianze na kuuliza karama yangu ni ipi, hiyo utaijua ukiwa kazini. Tafuta kazi ambayo kila mtu anaikwepa, kwetu ni kuosha sufuria baada ya semina na kukaa na watoto wa miaka mitatu wakati wa ibada kuu, kwenu ntakuwa sijui ila mzee wa kanisa wa eneo lako anajua. Mfuate Jumapili hii baada ya ibada, usimtumie meseji, mwambie nataka kufanya kazi fulani kwa miezi mitatu. Taja miezi, maana ukisema nipo tu kwa lolote hakupi kitu, na wewe miezi mitatu ikiisha utajua kama unaongeza. Waliodumu kwenye kazi hii niliowaona wengi walianza hivyo, miezi mitatu, halafu mingine mitatu, wakashtukia wana miaka. Akikujibu "tutakuita" usikae nyumbani kusubiri, mkumbushe Jumapili inayofuata, wengi wanasahau tu.